Wiki Moja Mahali Pamoja: Kuisoma Warsha ya Walimu kutoka Mgori

Wahakiki tumezoea kusoma utenzi kwa mizani na riwaya kwa msuko, lakini tangazo la ruzuku tunawaachia wahasibu, ilhali ni utanzu wenye kanuni kali kama shairi la arudhi. Chukua Landmarks of American History and Culture, mpango ulioanza 2004 chini ya National Endowment for the Humanities, shirika la serikali ya Marekani lililoundwa 1965. Katika umbo lake la kawaida, walimu wa shule hukaa wiki moja penye tukio lenyewe la historia, wakisoma pamoja na wanazuoni; kisha wiki ileile hurudiwa kwa kundi la pili. Pana hapo umoja wa mahali, na pana kibwagizo: kundi la pili hupewa beti zilezile, ila anayeziongoza amekwisha kujisikia alipojikwaa mara ya kwanza.

Posho ya mshiriki ndiyo kiungo ninachokistahi zaidi. Kinachonunuliwa nayo ni fursa ya kurudi. Siku ya kwanza mtu hutazama ukuta. Siku ya tatu, macho yakishachoka kushangaa, huanza kuusoma. Bajeti kwa hiyo ni mbinu ya utunzi, kwa kuwa ndiyo inayoamua msomaji atasimama wapi na kwa muda gani. (Ndiyo inayoweza pia kuikata kazi katikati ya mshororo: Aprili 2025 shirika hilo lilisitisha ruzuku nyingi zilizokwisha kuidhinishwa.)

Semina tuijuayo huku Tanzania nayo ina muundo, tena usiobahatisha: kujiandikisha, kumsubiri mgeni rasmi, ufunguzi, chai, mada, maazimio, posho. Imetungwa kuzunguka ukumbi, na kilele chake huja mapema mno, mgeni anapohutubu na kuaga. Yanayofuata yote ni mteremko. Posho ni ileile, lakini hapa inafunga shughuli, kule inaifungua.

Mgori, katika Mkoa wa Singida, ungelijaribu umbo la wiki moja kwa ukali, kwa sababu alama yake kuu ya historia haina ukuta. Ni msitu wa miyombo wenye zaidi ya hekta 40,000. Serikali ilikuwa imekusudia kuutenga uwe hifadhi yake. Badala yake, kufikia 1995, vijiji vitano vilikuwa vimeugawana na kuusimamia, kila kimoja na eneo lake, walinzi wake na sheria zake ndogo. Pamoja na Duru-Haitemba kule Babati, mfano huo ulitangulia Sera ya Misitu ya 1998 na Sheria ya Misitu ya 2002. Matini ya kusomwa hapa ni mpaka. Mwalimu aliyeutembea asubuhi, kisha jioni akasoma sheria ndogo za kijiji, huona kwamba vifungu vina jiografia: katazo la kulisha mifugo lina njia ya ng'ombe nyuma yake, na faini ina kisima.

Upande wa mashariki, michoro ya miambani ya Kolo, Kondoa, iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia 2006, inafundisha usomaji wa namna nyingine, usomaji-tabaka: picha nyeupe za baadaye zimelala juu ya zile nyekundu za kale, na jicho lazima lijifunze kuzitenganisha. Ningezifunga sehemu hizi mbili katika wiki moja, Kolo kwanza, ili mwalimu afike Mgori akiwa na mazoea ya kutafuta kilicho chini ya kinachoonekana. Na ningekuwa mimi mtoa fedha, ningefuta fungu la fulana na mabango, niongeze mafuta ya gari la kurudi msituni mara ya pili.

Umbo hufungwa na andalio la somo, ambapo msomaji hugeuka mtunzi. Kwa miaka mingi mwalimu wa historia wa sekondari alifundisha kwa Kiingereza, na chanzo cha Kiswahili kikapoteza sauti yake njiani. Somo la Historia ya Tanzania na Maadili linafundishwa kwa Kiswahili, na sheria ndogo za kijiji zimeandikwa kwa Kiswahili. Kifungu kinaweza kuandikwa ubaoni kama kilivyo, na mwanafunzi akaulizwa: katika sentensi hii, nani anakataza, na nani anakatazwa?