Miamba ya "Msingi" na Tatizo la Besi

Katika tafsiri ya taarifa ya miamba niliyoletewa niipitie, nilikutana na sentensi hii: "Uvamizi wa msingi sana umetokea katika miamba ya volkano." Mfasiri hakuwa mvivu, kila neno alilitafutia mwenzake kamusini. Hata hivyo maana yote imepotea.

Tuanze na "msingi". Wataalamu wa zamani walidhani kwamba silika iliyomo mwambani ni asidi, na kwa sababu hiyo mwamba wenye silika kidogo wakauita wa besi. Dhana hiyo ilikwisha kuachwa, jina likabaki. Anayeandika "miamba ya msingi" amechanganya besi ya kemia na msingi wa nyumba. Kosa hili si dogo, maana tunayo tayari miamba inayostahili jina hilo, yaani ile ya kale iliyobeba mingine. Ringwani, kama sehemu kubwa ya Tarime na Serengeti, imekaa juu ya miamba yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Taarifa kama ile ikisomwa huko mkutanoni, mwanakijiji ataelewa kwamba kinachotafutwa ni ardhi yote iliyobeba shamba lake. Afadhali tukubali mafiki na ultramafiki, maneno yanayotokana na magnesi na chuma, vitu ambavyo kweli vimo humo kwa wingi.

Neno "uvamizi" tuwaachie wanahistoria. Wengine wamependekeza "mpenyezo", nami nalipinga kwa sababu ya sarufi. Kupenyeza kunataka mtendaji anayepitisha kitu kingine (na msomaji wetu atakumbuka rupia mara moja), hali magma hupenya yenyewe. Basi na tuseme mpenyo, wingi mipenyo, tukijihadhari tusilichanganye na upenyo, ambao ni nafasi tu.

Istilahi hii itapimwa kwa kueleza asili ya kitu chenyewe. Miamba iliyo chini ya ganda la dunia huyeyuka kwa sehemu, na magma hupanda na kupenya gandani bila kufika juu. Inapopoa polepole, olivini hutangulia kuwa fuwele na, kwa uzito wake, hutuama chini. Huko hutokea mwamba wa ultramafiki. Piroksini hufuata, kisha feldspa nyeupe, na hapo juu hupatikana gabro. Kapalagulu, mashariki ya Ziwa Tanganyika, mpangilio huo unaonekana: ultramafiki chini, gabro juu. Kabanga, wilayani Ngara, magma ya takriban miaka bilioni 1.4 iliyopita ilichukua salfa kutoka katika miamba ya mashapo iliyoizunguka, na salfa hiyo ikaikusanya nikeli.

Kwa hiyo kuiita gabro "mwamba wa volkano" ni kosa. Magma hiyo hiyo ikimwagika nje na kupoa haraka huwa basalti, yenye chembe ndogo sana. Kemia ni moja, mahali pa kuganda ni tofauti. Gabro lenyewe ni jina la kijiji cha Toscana, Italia. Sioni sababu ya kulitafsiri.

Sentensi ile basi ingesomeka: "Mpenyo wa ultramafiki umeganda ndani ya miamba iliyotokana na volkano."