Ufundi wa Kuisikiliza Punje

Mtu akikanyaga mchanga wa pwani ambao maji yametoka kuuacha, pembezoni mwa mguu hukauka na kuwa peupe ghafla. Wengi hudhani uzito wa mwili umeyakamua maji. Sivyo. Punje zilizobanana haziwezi kusogea ila kwa kupandana. Zikipandana, nafasi kati yake hupanuka na maji hushuka kuijaza. Osborne Reynolds, profesa wa uhandisi huko Manchester, alilieleza jambo hili mwaka 1885, na kuonyesha kwamba tabia ya mchanga mzima huanzia pale punje moja inapoigusa nyingine.

Lakini mahesabu ya wahandisi yalifuata njia tofauti. Tangu Charles-Augustin de Coulomb awasilishe mjini Paris, mwaka 1773, nadharia yake ya jinsi udongo unavyosukuma kuta, mchanga ulichukuliwa kuwa kitu kimoja kisicho na mwanya. Njia hiyo imesimamisha kuta nyingi na bado inafundishwa.

Ila mchanga una siku zake. Tarehe 16 Juni 1964, tetemeko la ardhi liliutikisa mji wa Niigata, Japani. Mchanga uliolegea na kujaa maji ulitaka kujipanga upya kwa kubanana, maji yakakosa pa kutokea, shinikizo lake likapanda hadi punje zikaachana. Ardhi ikawa ujiuji. Majengo ya ghorofa ya Kawagishi-cho yaliinama, moja likalala karibu ubavu mzima.

Kuielewa ardhi ya namna hiyo kunataka mtu ashuke hadi kwenye punje, na mhandisi Peter Cundall alishuka. Mwaka 1971 alionyesha namna ya kufuata mwamba uliopasuka, kipande kwa kipande, ndani ya kompyuta. Mwaka 1979, akiwa na Otto Strack, aliihamishia njia hiyo kwenye diski zilizowakilisha punje. Kila diski ina uzito, ugumu na msuguano wake. Zikigusana, kompyuta hupima zimebanana kiasi gani, hukokotoa kani, hutumia sheria za Newton kujua kila moja itaelekea wapi, kisha husogeza muda mbele kwa kipande kidogo mno cha sekunde na kuanza upya. Inarudia hivyo mara maelfu kwa maelfu.

Uzuri wa ufundi huu ni unyenyekevu wake. Fundi haiamrishi kompyuta mchanga uweje. Anaipa kila punje sheria zake, halafu anasubiri. Cundall na Strack walilinganisha michoro yao na majaribio ya diski halisi ambazo, zikibanwa na kumulikwa kwa mwanga maalumu, hung'aa pale zinapobeba mzigo. Michoro ilifanana: punje chache zimeshikana kama minyororo na kubeba mzigo mzito, nyingine zimekaa kati yake karibu bure.

Tatizo ni wingi. Mita moja ya ujazo ya mchanga wenye punje za milimita 0.2 ina punje zaidi ya bilioni 100. Kwa hiyo tuta la bwawa hugawanywa kama wavu, na kila nukta teule ya wavu huo hupewa fungu dogo la punje, linalousemea mtaa wake kama mjumbe wa nyumba kumi. Wavu hulipasha fungu habari kwamba udongo umesukumwa kiasi fulani. Fungu hujibu kwa nguvu ya punje zake. Ning Guo na Jidong Zhao walichapisha kazi ya aina hii mwaka 2014. Humo, kanuni ya kubahatisha iliyokuwa ikiandikwa na mhandisi inaachia nafasi punje zenyewe.

Palipobaki pa kutesa ni umbo. Duara hubiringika kirahisi kuliko punje yenye kona, na mafundi wengi huongeza kizuizi cha kubiringika ili majibu yalingane na maabara. Wengine hawakuridhika na kiraka hicho. Mwaka 2018, Reid Kawamoto na wenzake wa California na Grenoble walichapisha kielelezo cha sampuli ya mchanga yenye punje zaidi ya 50,000, kila moja na umbo lake lililonaswa kwa eksirei. Sampuli ilipogandamizwa ndani ya kompyuta, utepe wa mtelezo, yaani ukanda mwembamba ambamo punje huteleza, ulijitokeza kama ulivyotokea maabara. Kuyaingiza maumbo hayo halisi kwenye wavu wa tuta zima kunadai mahesabu mazito mno, na huko ndiko subira ya mafundi hawa inakohitajika sasa.