Juzi Alikuwepo Mtoto

Mlangoni kila mtu alipewa kifuko. Unatia simu yako, wanakifunga, wanakurudishia ukae nacho, lakini hukifungui mpaka wakati wa kutoka. Ndani ya Royal Albert Hall, ukumbi wa mviringo wa London uliofunguliwa mwaka 1871, maelfu ya watu tukabaki na macho na masikio tu. Ilikuwa Novemba 2024. Tuliyemfuata, Bob Dylan, alikuwa na miaka 83.

Dylan nilimjulia hosteli, Dar es Salaam, kupitia flashi ya mwenzangu wa chumba. Usiku umeme ukirudi tulikuwa tunasikiliza “Desolation Row”, wimbo wa mwaka 1965 wenye dakika zaidi ya kumi na moja, gitaa taratibu na sauti isiyo na haraka. Niliujua hadi pale anapovuta pumzi. Kwa hiyo nilipokata tiketi, kusema kweli, nilikuwa nalipia wimbo ule.

Akauimba, na sikuutambua. Dramu zilikwenda mbio kama farasi. Dylan alikuwa kwenye piano, sauti imekwaruza, mara anayarundika maneno, mara anayachelewesha. Nilipong’amua ni wimbo gani, beti zima lilikuwa limeshapita. Nikakasirika. Nikajisemea moyoni: mzee ameuharibu wimbo wangu.

Aibu ikafuata papo hapo, kwa sababu mimi nasoma shahada ya uzamili katika fasihi simulizi. Nimeandika kurasa nyingi kueleza kwamba fanani huitunga kazi yake upya kila anapokutana na hadhira. Nimeyaandika kwa kuwa wataalamu wameyaandika. Lakini Julai ile, nilipokwenda Pangani kumrekodi bibi yangu, usiku wa kwanza sungura wake aliokoka. Usiku wa tatu akaisimulia hadithi ileile, na sungura akaliwa.

“Bibi,” nikamwambia, “juzi hukusema hivyo.”

“Juzi alikuwepo mtoto,” akanijibu, akaendelea kuchambua mchele.

Nilirudi nikaiweka simulizi ya kwanza katikati ya tasnifu. Ya pili niliisukumia kwenye kiambatisho na kuipa maelezo ya maneno matatu: kosa la kumbukumbu.

Madai yangu kwa Dylan si mapya. Mei 1966, jijini Manchester, mtu mmoja ukumbini alimwita Yuda kwa kuwa alikuwa ameshika gitaa la umeme. Karibu miaka 60 hadhira inamdai wimbo wa jana, naye anatoa wa leo. Usiku ule sehemu kubwa ya onyesho ilikuwa nyimbo za Rough and Rowdy Ways, albamu ya mwaka 2020. “Like a Rolling Stone” hakuugusa kabisa. Nyuma yake kwenye dramu alikaa Jim Keltner, mwenye miaka 82, akipiga kama mtu aliyeajiriwa wiki iliyopita.

Sisemi kila badiliko lilifaa. Kuna nyimbo ambazo piano ilikuwa inagombana na bendi, na maneno, ambayo ndiyo yaliyompa Nobeli ya Fasihi mwaka 2016, yalimezwa. Tena kuna tofauti ambayo siwezi kuifumbia macho. Bibi alibadilisha hadithi kwa sababu alitutazama. Mtambaji akisema “Paukwa!” husubiri “Pakawa!” Dylan hakutusemesha karibu lolote. Kama habadilishi kwa ajili yetu, anabadilisha kwa ajili ya nani?

Jibu nililipata mwishoni, kwenye “Every Grain of Sand”. Alipoutoa mwaka 1981 alikuwa na miaka 40, na ulikuwa wimbo wa mtu anayejihesabia nafsi yake kabla saa haijafika. Sasa saa imesogea. Aliuimba polepole, kisha akapuliza harmonika, ukumbi mzima kimya. Angeuimba kwa sauti ya mwaka 1981 angekuwa anamwigiza mtu ambaye hayupo tena. Aliyekuwepo ni mzee, na wimbo ulibadilika kwa ajili yake. Bibi angesema: juzi alikuwepo kijana.

Taa zikawaka. Hakurudi jukwaani kutuongezea wimbo. Mlangoni vifuko vikafunguliwa, na mwenzangu wa hosteli alikuwa ameshatuma ujumbe akiomba video. Sikuwa nayo.

Usiku huohuo nilifungua tasnifu, nikafuta yale maneno matatu, nikamtoa sungura aliyeliwa kwenye kiambatisho na kumweka karibu na yule aliyeokoka. Msimamizi wangu ataniuliza ipi ndiyo matini sahihi. Nitaanza kwa kumweleza ni nani walikuwepo.