Kigango Hakikutupwa

Fungua matangazo ya vila za kukodisha Watamu au Malindi, utakiona bila kutafuta sana. Kwenye kona ya sebule, kando ya kochi jeupe na mito ya leso, kumesimamishwa ubao mrefu mwembamba, umechongwa pembetatu juu ya pembetatu, kichwani una duara. Wageni wanapiga selfi nao. Nyingi ya mbao hizi ni nakala zilizochongwa ziuzwe. Lakini nakala lazima iwe na asili yake, na asili ya hizi ni kigango cha Wagiriama. Ugomvi wangu ni na jicho linalokitazama kigango na kuona fenicha.

Sio kwamba nachukia wanaokusanya vitu vya kale. Chukua vyombo vya laka vya Ujapani. Fundi anapaka utomvu wa mti, tabaka juu ya tabaka, anasubiri ukauke, anasugua, anapaka tena. Wajapani walikuwa na vikasha vidogo vya laka vinavyoitwa inro, vya kubebea dawa, wakivining'iniza kwenye mshipi kwa sababu kimono haina mifuko. Baada ya 1868, nguo za Kizungu zilipoanza kuenea, vikasha vikakosa kazi, na wanunuzi wa Ulaya na Marekani wakavikusanya kwa wingi. Sawa tu. Kile kikasha kilitengenezwa kwa ajili ya mteja, na mara nyingine fundi alitia sahihi yake kabisa. Kimetoka mkono wa mteja mmoja kwenda wa mwingine.

Na sisi watu wa pwani tumekusanya pia, tusijifanye. Nyumba za waungwana zilikuwa na zidaka ukutani, na kwenye zidaka palipangwa sahani na bakuli za kaure kutoka Uchina, mgeni aingie aone mwenye nyumba ni nani. James Kirkman alipoanza kuchimba Gedi mwaka 1948, alikuta vitu vya mbali kila mahali, na nyumba akazipa majina kutokana na alichokikuta ndani: Nyumba ya Bakuli la Kaure, Nyumba ya Sarafu za Kichina, Nyumba ya Ushanga wa Venice, Nyumba ya Mkasi. Iko ya kauri pia, na iko ya kasha la pembe. Ni majina matamu, lakini hayo ndiyo macho ya mkusanyaji. Watu waliishi mle, wakazaa, wakagombana, wakahama, na nyumba yao leo inaitwa kwa jina la kitu kilichodondoka sakafuni. Tangu 2024 Gedi iko kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia, kwa hiyo majina haya yanasomwa na watu wengi kuliko zamani.

Twende Mambrui sasa. Kuna kaburi la nguzo pale, na bakuli za Kichina zilipachikwa kwenye nguzo yenyewe. Bakuli lilikuja kama bidhaa, lakini mtu alilitoa sokoni akampa marehemu wake. Kuanzia siku hiyo si bidhaa tena. Kwenye makaburi mengi ya pwani utakuta duara tupu kwenye chokaa, pale bakuli lilipong'olewa. Aliyeling'oa angeweza kusema ni bakuli tu, lilinunuliwa, na mimi nalinunua. Kipimo changu kinaanzia hapo: uliza nani alikuwa na neno la mwisho juu ya kitu, na alisema nini.

Kwa kigango neno la mwisho liko wazi kuliko kwa bakuli. Hakikuwahi kuwa bidhaa hata siku moja. Kilisimamishwa kwa ajili ya mzee wa Gohu, chama cha watu wenye heshima, na mara nyingi ni baada ya marehemu kuwajia walio hai ndotoni au kwa msururu wa balaa. Kikishasimama, hakiondolewi. Familia ikihama, kigango kinabaki palepale.

Wafanyabiashara waliing'ang'ania hiyo sentensi ya mwisho. Wakasema kimeachwa, kwa hiyo kimetupwa, kwa hiyo ni halali. Wewe ukihama Kilifi ukaenda kutafuta kazi Nairobi, kaburi la nyanya yako unalibeba? Na ukiliacha, umelitupa?

Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja wa Kigiriama akiwa mbele ya vigango viwili vya ndugu zake. Baadaye vikaibwa. Miaka ikapita, kimoja kikaonekana kwenye makavazi Illinois, cha pili kwenye makavazi ya Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia. Kufikia 2007 vyote viwili vilikuwa vimerudi Kenya, kwa sababu ile picha ilikuwepo. Yeye na mwenzake Linda Giles walihesabu karibu vigango 300 kwenye makavazi 19 ya Marekani. Vingine vilipamba nyumba za waigizaji wa Hollywood.

Vimeanza kurudi, ndiyo. Makavazi ya Denver yalitangaza mwaka 2014 kurudisha 30, na Illinois ikarudisha 37 mwaka 2023. Lakini virudi kwa nani? Karatasi za ukusanyaji zina jina la aliyeuza na jina la aliyetoa zawadi, lakini jina la marehemu halimo, wala la kijiji. Mzee anafika Nairobi na kuwekwa stoo, kwa sababu hakuna aliyejali kuuliza alitoka boma gani. Huo ndio uharibifu ambao pesa hazirekebishi.

Najua mtu atasema walioiba ni vijana wetu wenyewe. Ni kweli, wako waliong'oa babu ya jirani wakamuuzia dalali kwa hela ya siku chache. Njaa naifahamu, siwezi kuwahubiria. Ila mnyororo una ncha mbili, na ncha iliyokuwa na pesa ndiyo iliyoamua kwamba ubao huu una bei.

Kwa hiyo wewe mwenye vila, nakala yako sikwambii uichome. Fundi aliichonga akalipwa, hiyo ni kazi yake. Andika jina lake kando yake. Andika pia kwamba hii ni nakala ya kigango, na kigango ni mtu wa watu. Mgeni akishasoma hapo, apige selfi yake kama bado anaitaka.