Ubongo, Akili na Lugha ya Habari: Uhakiki wa Namna Magazeti Yanavyoeleza Maradhi ya Akili

Kwa muda wa miaka ya karibuni habari za maradhi ya akili zimehama kutoka kurasa za mahakama na vioja, zikaingia katika kurasa za afya. Badiliko hilo ni jema, na wanaostahili kushukuriwa kwa ajili yake ni wengi. Lakini katika kuhama huko habari zimejipatia mtendaji mpya. Zamani mtu alirukwa na akili, au aliingiwa na wazimu. Leo twaambiwa kwamba ubongo wake umepungukiwa na kemikali fulani, au kwamba sehemu fulani ya ubongo huo imeonekana kuwaka katika picha. Makusudi ya makala haya ni kuipima lugha hiyo mpya: yasema nini, ina ushahidi gani nyuma yake, na yamtendea nini mgonjwa anayeisoma. Sihakiki gazeti moja wala mwandishi mmoja. Nahakiki namna ya kusema ambayo imekwisha kuwa desturi katika habari zitokazo ng'ambo na katika tafsiri zake za Kiswahili.

Yafaa tuanze na maneno yenyewe. Neno *wazimu* lina shina lile lile la *mzimu*, na shina hilo limeenea katika lugha nyingi za Kibantu likiwa na maana ya roho za waliokufa. *Majununi* tumelipata kutoka Kiarabu, nalo ni ndugu wa *jini*. *Akili* pia ni neno la Kiarabu kwa asili, na kwetu halina maana ya werevu tu. Mtu asiyejua kuishi na wenzake, hata awe msomi, huambiwa hana akili. *Ubongo*, kwa upande wake, ni neno la Kibantu, na maana yake ya kwanza ni kitu kinachoonekana kwa macho: kile kilicho ndani ya fuvu, la mtu au la mbuzi. Na huzuni, katika lugha yetu, haikukaa akilini wala ubongoni, ilikaa moyoni. Mtu huvunjika moyo, na moyo humwuma. Kitenzi cha *kusonona* ni cha maumivu hayo ya ndani, na ndicho kilichotupa jina *sonona*, ambalo sasa latumika kwa ugonjwa wa huzuni ya kudumu.

Basi mwandishi anayefasiri habari ya elimu ya ubongo ana vitu vitatu mkononi: kiungo, uwezo na hisia, yaani ubongo, akili na moyo. Akiyatumia maneno mawili ya kwanza kana kwamba ni neno moja, huwa ametoa hukumu pasipo kujua, nayo ni kwamba taabu ya akili si kitu kingine ila kasoro ya kiungo. Hukumu hiyo yaweza kujadiliwa, na wataalamu waijadili hata leo. Lakini si habari. Ni falsafa iliyovaa nguo za habari.

Natuchukue mfano mmoja ambao msomaji anaweza kuufuata mwenyewe. Mwaka 2018 Andrea Cipriani wa Chuo Kikuu cha Oxford na wenzake walitoa katika jarida la The Lancet uchambuzi uliokusanya majaribio 522 ya dawa 21 za sonona, yenye watu wazima 116,477. Waliona kwamba dawa zote 21 zilifanya kazi kuliko vidonge visivyo na dawa ndani yake, ingawa kwa wastani tofauti haikuwa kubwa, na majaribio mengi yalipima wiki nane tu za mwanzo. Magazeti mengi ya Uingereza yaliieleza habari hiyo kana kwamba ubishi wote umekwisha. Mwezi wa Julai 2022 Joanna Moncrieff wa University College London na wenzake walitoa katika jarida la Molecular Psychiatry mapitio ya tafiti juu ya serotonini, mojawapo ya kemikali zinazopeleka ujumbe kati ya seli za ubongo. Walisema kwamba hapana ushahidi thabiti kuwa sonona husababishwa na uchache wa serotonini. Mara habari zikageuka: wengi wakaambiwa kwamba dawa hazina kazi, na kwamba wagonjwa walikuwa wakidanganywa miaka yote.

Tukizitazama taarifa hizo mbili kwa utulivu, twaona kwamba hazipingani hata kidogo. Ya kwanza yauliza kama dawa yatuliza. Ya pili yauliza nini kilichosababisha. Mtu akimeza kidonge cha asprini na kichwa kikapoa, hatusemi kwamba kichwa kiliuma kwa sababu mwili ulikosa asprini. Mapitio ya 2022 hayakujaribu dawa yoyote kwa mgonjwa yeyote. Kiswahili hakina udhaifu wowote wa kutenganisha *kutuliza* na *kusababisha*. Waliovichanganya ni waandishi, si lugha.

Wala fikira yenyewe ya kemikali haikuzuka katika picha za ubongo. Dawa zilitangulia, na maelezo yakafuata. Katika miaka ya 1950 waganga waliona kwamba iproniazidi, dawa iliyokusudiwa kutibu kifua kikuu, iliwachangamsha baadhi ya wagonjwa. Kwa kuwa ilijulikana kwamba dawa za namna hiyo huongeza kemikali fulani katika ubongo, baadhi ya wataalamu walikisia kwamba huenda ugonjwa ni uchache wa kemikali hizo. Joseph Schildkraut alilieleza kisio la namna hiyo mwaka 1965, akiwa mwangalifu kuliita kisio. Baada ya Prozac kuidhinishwa nchini Marekani mwaka 1987, matangazo ya biashara yalilivua kisio hilo mashaka yake yote, na magazeti yakalipokea likiwa uchi.

Hapa ndipo Kiswahili kinapoongeza jambo lake. Tukiandika *upungufu wa serotonini*, tunaliweka neno hilo safu moja na upungufu wa damu na upungufu wa maji mwilini, vitu ambavyo mganga hupima na kujazia. Lakini hakuna mganga anayeitambua sonona kwa kupima serotonini. Huitambua kwa kumsikiliza mgonjwa. Na kuna zaidi. Katika lugha yetu kupungua kuna historia mbaya: *punguani* latokana na kitenzi hicho hicho, na kwa muda mrefu *upungufu wa akili* limekuwa jina la aibu. Kwa hiyo neno ambalo mwandishi alidhani ni la kimaabara, masikioni mwa msomaji lafika na tusi la kale mgongoni. Haitoshi kwa mfasiri kuuliza kama neno ni sahihi; imempasa kuuliza limelala na maneno gani.

Mfano wa pili ni wa picha. Habari nyingi za ubongo huja na picha yenye rangi nyekundu na manjano, na maelezo chini yake kwamba sehemu fulani "imewaka". Msomaji hudhani ni picha kama ya kamera. Sivyo. Mashine ya sumaku haipigi picha ya wazo wala ya huzuni. Hupima mabadiliko ya oksijeni katika damu, na rangi huwekwa baadaye kwa hesabu za takwimu zinazolinganisha maelfu ya vipande vidogo vya ubongo. Hesabu hizo zikifanywa ovyo, huona kitu mahali pasipo kitu. Mwaka 2009 Craig Bennett na wenzake walimweka samaki aina ya samoni katika mashine hiyo, wakamwonyesha picha za watu, kisha wakapiga hesabu bila kusahihisha wingi wa ulinganisho. Hesabu zikaonyesha sehemu ya ubongo wa samaki "ikifanya kazi". Samaki huyo alikuwa amekufa.

Lile lilikuwa onyo la mzaha. La pili halikuwa mzaha. Mwaka 2022 Scott Marek na wenzake walieleza katika jarida la Nature kwamba tafiti zinazounganisha tofauti za ubongo na tabia au maradhi huhitaji maelfu ya watu ili matokeo yake yaaminike, ilhali tafiti za namna hiyo kwa kawaida zilikuwa na watu wapatao 25. Maana yake si kwamba elimu ya ubongo ni ya uongo. Maana yake ni kwamba habari inayotegemea utafiti mmoja wa watu wachache haijawa habari bado.

Kwa nini basi lugha ya ubongo huaminiwa upesi hivi? Mwaka 2008 Deena Weisberg na wenzake walionyesha kwamba watu wasio wataalamu, wakipewa maelezo mabovu ya jambo la nafsi, huyaona mazuri zaidi yakitiwa maneno ya elimu ya ubongo, hata kama maneno hayo hayahusiani na jambo lenyewe. Sisi wa Afrika ya Mashariki hatukuhitaji kungoja 2008 kulijua hilo. Katika miaka ya 1930, huko Kenya, F. W. Vint alipima bongo za maiti wa Kiafrika, na H. L. Gordon akatumia vipimo vya aina hiyo kudai kwamba Mwafrika ana upungufu wa akili kwa maumbile. Madai hayo hayakubaki maabara. Yalizungumzwa hadharani hata London. Baadaye J. C. Carothers, aliyekuwa mganga wa Hospitali ya Mathari mjini Nairobi, aliwalinganisha Waafrika wazima na Wazungu waliokatwa mishipa ya sehemu ya mbele ya ubongo. Na mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani likamchapishia kitabu juu ya akili ya Mwafrika. Katika yote hayo ubongo ulitajwa ili mjadala ufungwe: njaa, shule, kodi na unyang'anyi wa ardhi visiulizwe tena. Nakumbusha mambo hayo si kwa kuwatuhumu wataalamu wa leo, ambao kazi yao ni tofauti kabisa, bali kwa sababu muundo wa sentensi ni ule ule. Ubongo ukifanywa mtenda, vitu vingine vyote vilivyo katika maisha ya mtu hutoka katika sentensi.

Atasema mtu: hata hivyo, kusema kwamba ni ugonjwa wa ubongo kwaondoa aibu, na aibu ndiyo inayoua. Hoja hiyo ni nzito na yastahili jibu. Mwaka 2013 Erlend Kvaale, Nick Haslam na William Gottdiener walikusanya tafiti nyingi juu ya jambo hilo. Waliona kwamba maelezo ya kibiolojia hupunguza lawama kwa mgonjwa, na hiyo ni faida ya kweli. Lakini pia huwafanya watu wadhani kwamba mgonjwa hatapona. Kwa Kiswahili hatari hiyo yaongezwa na vitenzi vyetu. Linganisha sentensi mbili ninazozitunga mimi: "Ubongo wake umeharibika," na "Anaugua sonona, na anatibiwa." Katika ya kwanza mtu hayumo, kimo kiungo tu, nacho kimekwisha. Katika ya pili mtu ndiye mtenda, na kitenzi kina wakati wake: anayeugua leo kesho aweza kuwa aliugua. Vivyo hivyo *mwendawazimu* ni jina lisilo na mwisho, ilhali aliyeugua malaria hatumwiti kwa jina la malaria maisha yake yote.

Isidhaniwe kwamba nataka ubongo utolewe katika habari. Ushahidi mzuri wa kinyume tunao Tanzania. Huko Mahenge, katika nchi ya Wapogoro, kifafa kilikuwa kingi, na wagonjwa waliogopwa na kutengwa. Wengi waliamini kwamba mate ya mgonjwa huambukiza. Karibu na 1960 daktari Louise Jilek-Aall alianzisha huko matibabu ya kifafa. Kilichobadili hali ya wagonjwa hakikuwa tangazo kwamba kifafa ni ugonjwa wa ubongo, ingawa ni kweli. Kilikuwa kuonekana kwa watu waliokuwa wakianguka motoni ambao sasa, kwa dawa, hawakuanguka tena. Neno la ubongo lilikuja na tendo, nalo likaaminiwa kwa haki. Neno lisilo na tendo humwachia mgonjwa kiungo kibovu na mlango uliofungwa.

Kwa hiyo kabla ya kuchapa habari ya namna hii, mhariri angefanya vyema kuuliza mambo manne. Utafiti ulikuwa na watu wangapi? Ulipima sababu, au ulipima tiba? Je, kitenzi kilichotumika, kiwe *husababisha*, *huambatana na* au *hutuliza*, ndicho kilichothibitishwa? Na mwisho: mgonjwa akiisoma sentensi hii usiku peke yake, atafanya nini asubuhi? Swali la mwisho si la huruma tu. Anayeacha dawa za sonona ghafla kwa sababu ya kichwa cha habari aweza kupata maumivu ya kuziacha, au ugonjwa wenyewe ukarudi. Mapitio ya 2022, ambayo ndiyo atakayodhani yamemshauri, hayakumshauri hivyo, na haifai aziache bila kuongozwa na mganga wake.

Wenzangu wa taaluma ya lugha wana sehemu yao katika kazi hii, nayo si kubuni istilahi peke yake. Istilahi tunazo nyingi, na nyingine zitakuja. Kinachopungua ni kuzitazama sentensi zinamoingia istilahi hizo, na kuuliza nani ametajwa ndani yake na nani ameondolewa. Neno *sonona* limetufaa kwa sababu lilitoka katika kitenzi ambacho mtenda wake ni mtu. Tukilinde kiti hicho cha mtenda. Mgonjwa bado anakihitaji.