Mwalimu Mmoja, Jengo la Wengi: Uanzilishi wa Shule katika Njia Panda na katika Maandishi ya Mbiyu Koinange

Makongeni, mtaa mkubwa wa Thika, una jina la Kiswahili lililotokana na mkonge. Ni jina la shamba na la kibarua. Nchi inayouzunguka mtaa huo iliingia katika fasihi inayosomwa ulimwenguni kwa mlango huo huo wa shamba, lakini kwa jicho la mwenye shamba. Katika The Flame Trees of Thika (1959), Elspeth Huxley anasimulia utoto wa binti wa walowezi waliokuja kupanda kahawa kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Waafrika wamo kitabuni, tena wengine wamechorwa kwa mapenzi, ila ni watu wa kuajiriwa na kushangaza. Kwamba watu hao wangeweza kuanzisha jambo lao wenyewe ni wazo lisilokuwa na pa kukaa katika usimulizi wa namna ile.

Jambo hilo lilitokea, na halikutokea mbali. Kaskazini mwa Thika, huko Murang'a, na upande wa magharibi wa Ruiru, kuelekea Githunguri, wazazi waliogombana na misheni mwaka 1929 juu ya tohara ya wasichana waliwatoa watoto wao katika shule za wamisheni, wakajijengea zao. Kufikia mwaka 1934 juhudi hizo zilikuwa zimezaa jumuiya mbili, ile ya shule huru iliyojulikana kwa kifupi kama KISA, na ile ya Karing'a. Tarehe 7 Januari 1939 kilifunguliwa chuo cha ualimu cha Githunguri, chini ya uongozi wa Peter Mbiyu Koinange, aliyekuwa amerejea kutoka masomoni Marekani na Uingereza mwaka uliotangulia.

Makala hii inakusudia kuchunguza jinsi maandishi mawili yanavyojibu swali moja: shule ya jamii huanzishwa na nani? La kwanza ni riwaya ya marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o, The River Between (1965), ambayo wasomaji wa Kiswahili wanaifahamu kwa jina la Njia Panda, tafsiri ya John Ndeti Somba. La pili ni kitabu kidogo cha Koinange mwenyewe, The People of Kenya Speak for Themselves, kilichochapishwa Detroit mwaka 1955. Kwa kawaida wahakiki huliweka la kwanza katika rafu ya fasihi na la pili katika rafu ya historia. Mgawanyo huo unatunyima mengi.

Tuanze na riwaya. Waiyaki, kijana aliyesomeshwa Siriana kwa agizo la baba yake Chege, anaanzisha shule ya Marioshoni baada ya Siriana kuwafungia mlango watoto wa wale wasiotaka kuacha mila. Umaarufu wake unakua upesi mno. Watu hawamwiti tena kwa jina lake, wanamwita Mwalimu. Cheo hiki kinapata uzito wa ziada kinapofika katika Kiswahili. Mswahili wa pwani humwita mwalimu yule anayemfunza mtoto Kurani. Na tangu enzi ya Nyerere, neno hilo likisimama peke yake bila jina huashiria kiongozi wa taifa zima. Msomaji wa Kiswahili, kwa hiyo, yuko tayari kumpa Waiyaki mamlaka ambayo msomaji wa Kiingereza angeyatilia shaka. Nadhani ndiyo sababu wanafunzi wetu wengi huandika insha zinazomsifu Waiyaki kama shujaa aliyeangushwa na wivu wa Kabonyi, kisha hukomea hapo.

Ukiisoma riwaya kwa makini utaona kwamba Ngũgĩ hakuandika sifa. Tazama anavyouendesha mkutano wa wazazi pale Marioshoni. Waiyaki anasema, umati unamshangilia, Kabonyi anapinga na kushindwa. Mhimili wa sura ni sauti ya mtu mmoja na masikio ya wengi. Kazi yenyewe ya kujenga, ya kufyeka, kukandika na kuezeka, inapita haraka. Wenye mikono hawana majina. Wanaotajwa kama wenzake, Kinuthia na Kamau, ni waalimu tu, na mmoja wao ni mwana wa hasimu yake. Baadaye Waiyaki anajitoa katika Kiama ili apate nafasi ya kushughulikia shule. Hapo ndipo pana kiini cha msiba. Anaiona shule kama kazi yake binafsi, iliyo juu ya ugomvi wa watu, ilhali shule hiyo ilizaliwa na ugomvi huo. Siku anaposimamishwa mbele ya watu kwa sababu ya Nyambura, hana kundi lililojenga pamoja naye ambalo lingemtetea kama mwenzao. Ana wafuasi tu, na wafuasi hao wanamwachia Kiama.

Sasa tukigeukie kitabu cha Koinange. Kama kuna mtu aliyekuwa na haki ya kuandika tawasifu ya mwanzilishi, ni yeye. Alizaliwa mwaka 1907, akasoma Alliance, kisha Hampton, Ohio Wesleyan na Columbia. Na elimu ya watu wake ilimshughulisha kwa miaka mingi. Tena aliandika akiwa uhamishoni, baba yake, Chifu Koinange wa Mbiyu, akiwa kizuizini, na chuo alichokiongoza kimekwisha kufungwa na serikali chini ya Hali ya Hatari iliyotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Mazingira kama hayo humsukuma mwandishi kujililia. Yeye anafanya kinyume, kama jina la kitabu linavyodokeza. Usimulizi wake unatoka kwa msomi aliyerudi na shahada, ukaenda kwa marika: namna kila rika lilivyochanga, na namna heshima ya rika moja ilivyokuwa changamoto kwa jingine. Utaratibu wa kale wa jamii, ambao wamisheni waliuona kuwa kizuizi cha elimu, unakuwa ndio mfuko wa kuigharimia.

Sehemu iliyo bora kuliko zote, kwa maoni yangu, ni ile ya wanawake. Koinange anasimulia habari za Njeri na wenzake waliojitwika kazi ya kuwajengea wasichana bweni la mawe. Kwa ufundi wa kisimulizi ni sehemu sahili sana: hakuna tamathali za kutafutwa, hakuna hotuba ndefu. Lakini swali la nani mwanzilishi linageuzwa kichwa chini miguu juu. Wanawake hawa hawakuwa wamesoma, na wengi wao wasingelala katika bweni hilo. Wala hawakuwa wasikilizaji wa Mwalimu. Walikuja na shauri lao, wakalitekeleza. Mtu kama Njeri hayumo katika Njia Panda. Muthoni na Nyambura wanabeba uzito mkubwa wa kimaadili, ila wote wawili ni binti za Yoshua, na mchango wao ni mateso. Hakuna mwanamke anayesomba jiwe kwenda Marioshoni.

Hata hivyo haitupasi kukipokea kitabu cha Koinange bila kukihoji. Kiliandikwa kwa Kiingereza ili kuwashawishi wasomaji wa ng'ambo wakati ambapo Wagĩkũyũ walikuwa wakielezwa magazetini kama watu waliorukwa na akili. Nia hiyo inaonekana katika kila ukurasa. Watu wake wana umoja mno. Tofauti za KISA, iliyokuwa tayari kushirikiana na serikali, na Karing'a, iliyokuwa na msimamo mkali zaidi, hazipewi nafasi zinayostahili. Hapa riwaya ni mkweli kuliko ushuhuda: Kabonyi ni mhusika wa kubuni, lakini kila aliyewahi kuketi katika kamati ya shule ya harambee anamfahamu. Mwenye kusoma Koinange peke yake atajua shule ilijengwa na nani, asijue iligombewa vipi. Na mwenye kusoma Ngũgĩ peke yake atajua kinyume chake.

Suala hili si la wahakiki peke yao. Wasifu wa waalimu wa vijijini unaoandikwa kwa Kiswahili, katika vijitabu vya maadhimisho ya shule na katika tanzia, bado unafuata mkondo wa Waiyaki: mtu mmoja, maono yake, maadui zake, jengo lake. Shaaban Robert alitupatia katika Wasifu wa Siti binti Saad kielelezo cha mtu anayeinuka kwa tabia na kipaji chake, nacho ni kielelezo chema kwa maisha ya mwimbaji. Kwa maisha ya shule hakitoshi. Mwanafunzi wa uzamili anayekwenda Githunguri, Gatundu au Makongeni kukusanya habari za mwanzilishi angefanya vema kuuliza kwanza nani alileta maji ya kukandikia udongo.

Ngũgĩ mwenyewe alirudi kwenye habari hizi baada ya miaka 45. Katika kumbukumbu za utoto wake, Dreams in a Time of War (2010), anaeleza alivyosoma Manguo, shule ya Karing'a, hadi serikali ilipoitwaa, na jinsi chuo cha Githunguri kilivyogeuzwa gereza ambamo wapiganaji walinyongwa. Waalimu wamo kitabuni, tena wengi, wala hakuna hata mmoja anayekuwa mwokozi. Safari ya shule inaanza na mama yake, Wanjikũ, ambaye hakujua kusoma, akimwuliza mwanawe kama angependa kwenda shule.