Kilio cha Mjini: Kumbukumbu la Torati 22:23–27 na Maandamano ya Wanawake wa Nairobi

Katika Kumbukumbu la Torati 22:23–27 mtoa sheria anatofautisha mahali pawili. Msichana aliyeposwa akilaliwa na mwanamume mjini, wote wawili hupigwa mawe: mwanamume kwa tendo lake, na msichana kwa kuwa hakupiga kelele, hali yu mjini. Yakitokea hayo shambani, mwanamume peke yake hufa, maana huko msichana alilia wala hakuwapo wa kumwokoa. Wafafanuzi wengi wameisifu sehemu hii ya pili, na wana haki. Aya ya 26 yalinganisha tendo hilo na mtu kumwondokea mwenzake na kumwua. Yaani yaliyompata msichana yamehesabiwa karibu na mauaji, si tamaa iliyovuka mpaka. Lakini sehemu ya kwanza tumeipita upesi mno. Hukumu yake yote imejengwa juu ya dhana isiyotamkwa, nayo ni kwamba mji husikia. Nyumba zimebanana, wazee wako langoni. Basi aliaye atasikiwa, na asiyesikiwa hakulia.

Maandiko yenyewe hayaiachi dhana hiyo isimame. Gibea ya Waamuzi 19 ilikuwa mji, tena mji wa Israeli, ambao Mlawi aliuchagua makusudi ili asilale kwa wageni wa Yebusi. Humo suria wake alitendewa jeuri usiku kucha, na asubuhi akaonekana ameanguka mlangoni, mikono yake juu ya kizingiti. Msimulizi hasemi kama mwanamke huyo alipiga kelele. Hana haja ya kusema, maana bwana wake alikuwa upande wa pili wa mlango ule ule, na ndiye aliyemtoa nje. Tena katika Wimbo Ulio Bora 5:7 walinzi wa mji, ambao kusikia ndiyo kazi yao, ndio wanaompiga na kumjeruhi mwanamke aliyetoka usiku kumtafuta mpenzi wake, kisha wanamnyang'anya vazi lake la kujitandia. Mapokeo yetu yamemgeuza mwanamke huyu kuwa nafsi imtafutayo Bwana wake. Sina ugomvi na istiari kwa jumla. Ila istiari isiyojua la kufanya na majeraha ya aya ya saba imesoma nusu ya wimbo.

Nayasema haya kwa sababu ya mji mmoja ulio jirani nasi. Mnamo Novemba 2014, katika kituo cha magari ya abiria jijini Nairobi, wanaume walimvua nguo mwanamke hadharani wakidai kwamba hakuvaa kwa heshima. Hilo halikutokea shambani. Lilitokea mchana, kati ya watu wengi, na baadhi yao walikuwa na simu mkononi wakipiga picha. Tarehe 17 ya mwezi huo wanawake waliandamana katikati ya jiji wakitaka mavazi yao yasiwe hati ya kuwadhulumu. Mwezi uliofuata Bunge la Kenya liliingiza katika Kanuni ya Adhabu kosa la kumvua mtu nguo kwa nguvu, adhabu yake ikiwa kifungo kisichopungua miaka 10. Miaka tisa baadaye, Januari 2024, wanawake wawili waliuawa jijini humo katika nyumba zinazopangishwa kwa siku chache, na tarehe 27 Januari maelfu walitoka tena, Nairobi na katika miji mingine ya Kenya, wakiyataja majina ya waliouawa. Tarehe 10 Desemba 2024, Siku ya Haki za Binadamu, walitoka mara nyingine, wakatawanywa na polisi kwa mabomu ya machozi. Msomaji wa Wimbo Ulio Bora 5:7 hahitaji kuelezwa zaidi habari za walinzi wa mji.

Baina ya kifo na maandamano palikuwa na swali, na swali hilo ndilo ninalotaka kulihakiki, kwa maana limesikika pia katika sharika zetu upande huu wa mpaka. Mbona alikwenda kwa mtu asiyemjua? Mbona usiku? Mbona kavaa vile? Mwulizaji hudhani kwamba anatoa shauri la hekima kwa binti zake. Kwa kweli anaisoma Torati ya mjini bila kujua: amekwisha kuamua kwamba palikuwa na njia ya kuokoka, na aliyekufa ndiye aliyeikosa. Katika Katekisimo Ndogo, maelezo ya amri ya nane, Luther anatufundisha kumtetea jirani, kumnena vema na kuyachukua mambo yake yote kwa upande ulio bora. Watoto wetu wa kipaimara hulijua jibu hilo kwa moyo, na wengi wao hulisahau msibani, hasa marehemu akiwa mwanamke. Tena katika Katekisimo Kubwa, amri ya tano, anamhesabu kuwa mwuaji hata yule aliyeweza kumwokoa mwenzake asimwokoe. Kwa amri hiyo swali laondoka kwa aliyekufa na kuwaelekea majirani: mlisikia nini?

Haki yadai kwamba maandamano yenyewe nayo yahakikiwe. Yale ya 2014 yalijitaja kwa jina la nguo na uchaguzi wa nguo, na kwa hiyo yaliwapa wapinzani mjadala mwepesi. Watu wakabishana juu ya urefu wa sketi, na wahubiri hawakukawia kujiunga nao, badala ya kuitazama mikono iliyomvua yule mwanamke. Yale ya Januari 2024 yalikuwa na nguvu zaidi, kwa kuwa jina la marehemu halijadiliki. Mbunge mwakilishi wa wanawake wa Nairobi alipotaka kuhutubia, umati ulimzomea na kumwuliza alikuwa wapi. Sisifu kuzomea watu. Lakini sioni ni askofu gani wa kwetu angejibu vizuri zaidi.

Liko pingamizi zito kuliko hayo. Hatari kubwa haiko barabarani. Kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa, mwaka 2023 wanawake na wasichana wapatao 85,000 waliuawa kwa kusudi duniani, na kati yao 51,100 waliuawa na wenzi wao au watu wa jamaa zao. Rebecca Cheptegei, mwanariadha wa Uganda aliyekimbia marathoni kwenye Olimpiki ya Paris, alimwagiwa petroli na kuchomwa moto nyumbani kwake, kaunti ya Trans Nzoia, Jumapili ya tarehe 1 Septemba 2024, alipokuwa akirejea kutoka kanisani. Alifariki siku nne baadaye. Basi, yaulizwa, kuna faida gani kuandamana mjini kwa ajili ya mauti iliyoko nyumbani?

Jibu naliona katika 2 Samweli 13. Tamari alitendwa jeuri chumbani, na nduguye, kisha mlango ukakomewa nyuma yake. Hakunyamaza. Alitia majivu kichwani, akairarua kanzu yake, akaweka mkono juu ya kichwa, akaenda zake akilia kwa sauti. Hayo ni maandamano ya mtu mmoja, katika mji wa Daudi: jambo la chumbani limetolewa njiani, mahali ambapo sheria ilidai lisikiwe. Na lilisikiwa. Absalomu alimwambia anyamaze, kwa kuwa aliyemtenda ni nduguye. Daudi alikasirika sana, asifanye neno. Tafsiri ya Kiyunani ya Sabini inaeleza sababu, kwamba alimpenda Amnoni, mzaliwa wake wa kwanza. Walimu wa Pietermaritzburg, Afrika Kusini, walioisoma sura hii pamoja na wanawake wa sharika katika Kampeni ya Tamari, walikuta wasomaji waliokuwa hawajapata kamwe kuisikia ikisomwa kanisani.

Si ajabu. Katika Mwaka B, mpangilio wa masomo unaofuatwa na makanisa mengi ya Kiprotestanti duniani huruka kutoka 2 Samweli 12 mpaka sura ya 18. Jumapili moja waumini humsikia Nathani akimkemea mfalme. Jumapili inayofuata humsikia mfalme akimlilia Absalomu, wala hawaambiwi ni kwa ajili ya nani Absalomu alimwua Amnoni.